Safari Iliyoombewa Mno

Mzee wa tatu wa kanisa alipoinuka kuomba, Nthenya alijua kuna jambo linaharibika. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mimbari, begi mgongoni, mikono ya watu imemlemea kichwani na mabegani kama magunia ya ndengu. Kila alipojaribu kuinua uso atazame dirishani, mkono mmoja ulimrudisha chini kwa upendo. Nje kulikuwa kumeshapambazuka. Gari la shule lilipangiwa kuondoka Kwa Vonza saa kumi na mbili, na jua lilikuwa tayari linachungulia juu ya mabati ya choo cha kanisa.

"Bwana, wewe unajua barabara zote," mzee aliomba. "Unajua ile ya Mutomo. Unajua ile ya Kibwezi. Unajua hata zile hatujui."

"Amen," waumini wakaitikia, na Nthenya akaitikia kwa nguvu kuliko wote, akitumaini mzee atadhani amemaliza. Mzee alikuwa ndiyo kwanza anapata moto.

Nthenya alikuwa kidato cha tatu katika shule ya kutwa pale Kwa Vonza. Yeye na wenzake watano wa klabu ya roboti walikuwa wamealikwa kwenye kituo kimoja cha anga kule Malindi, wakaonyeshe mashine yao ndogo ya kutembea mchangani. Waliiita Ngu, yaani kobe, kwa mwendo wake na kwa sababu mgongo wake ulikuwa mtungi wa maji uliokatwa. Mwanzoni Ngu alikuwa akizama mchangani kila alipojaribu kusonga. Ni Nthenya aliyevisha magurudumu vipande vya tairi kuukuu la baiskeli, akavibadilisha tena na tena mpaka siku moja Ngu akavuka mto mkavu wote bila kushikwa mkono.

Kijijini habari hiyo ilifika ikiwa imenenepa njiani. Kufikia Jumatano kulikuwa na watu walioamini kwamba mtoto wa Nduku anapandishwa juu angani. Akaletewa sweta zito. Akaletewa soksi za sufu, kwa kuwa huko juu baridi si ya mchezo. Akaletewa kuku wa kukaanga, mayai ya kuchemsha na kiondo kipya cha kubebea. Na kwa desturi ya kanisa lao, aliyekuchangia safari humwagi kwa mdomo tu. Anakuwekea mkono na kukuombea kwa maneno yake mwenyewe. Ukikataa mkono wake, umekataa na kuku wake.

Aliyepanga maombi hayo ya alfajiri alikuwa Nduku mwenyewe, mama yake Nthenya, kiongozi wa kwaya ya kina mama. Alikuwa amesimama pembeni amefumba macho, machozi yakimtoka, na kusema kweli hakuwa amewahi kufurahi hivyo tangu azaliwe. Simu yake ilikuwa ndani ya kiondo kando ya mlango pamoja na simu za wengine, maana Pasta Nzau hakuruhusu simu kuingia kwenye maombi. Ilikuwa imezimwa sauti. Ilitetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena.

Muthama, baba yake Nthenya, alikaa benchi la nyuma. Alikuwa mfyatuaji wa matofali, mtu wa maneno machache. Alikohoa mara moja, kisha mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Lakini kikohozi cha mtu asiye na cheo kanisani hakikatizi maombi.

Wa mwisho kumjia Nthenya alikuwa Susu Kanini, kikongwe jirani yao, ambaye kijiji kizima kilimwita Susu, nyanya. Hakuomba. Aliinama akamnong'oneza sikioni.

"Hao watu wanaangalia dunia kutoka juu, si ndiyo?"

"Ndiyo, Susu. Na satelaiti."

"Basi uwaulize mvua yetu. Mimi nimebaki na mkebe mmoja wa kunde, mbegu. Nikipanda kwa vumbi na mvua ichelewe, ndege watakula zote. Nikingoja inyeshe ndio nipande, hii mvua ya siku hizi itaisha kabla zitoe maua. Uwaulize tu: nipande ama ningoje?"

"Nitawauliza, Susu."

"Na usisahau soksi za hiyo baridi."

Ndipo kwaya ikaimba. Nthenya aliomba kimoyomoyo waimbe beti mbili. Waliimba zote.

*

Getini mwa shule hapakuwa na gari wala mtu, ila mlinzi aliyekuwa akifagia alama za magurudumu.

"Wamengoja wakachoka," alisema. "Mwalimu Kyule alikuwa anapiga simu akizunguka hapa kama kuku anataka kutaga."

Nduku aliitoa simu kwenye kiondo na kuona jina la Mwalimu Kyule limejipanga kioo kizima. Alipiga. Mwalimu alipokea, na nyuma yake vijana walisikika wakicheka.

"Mwalimu, ni Mama Nthenya. Tumefika hapa getini."

"Mama Nthenya! Sisi tumeshapita Kitui. Dereva amengoja nusu saa, akasema gari si yangu, na kuna shule ingine tunabeba Mutomo. Kwani mlikuwa wapi?"

Nduku alimtazama mumewe. Muthama alitazama viatu vyake.

"Tulikuwa tunamwombea," Nduku alisema.

"Mlikuwa mnafanya nini?"

"Maombi, Mwalimu. Ya safari."

Mwalimu aliwanyamazisha vijana. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliouma zaidi. "Pole sana, Mama. Singeweza kungoja. Na huko tunaingia pamoja, majina tulipeleka kitambo. Hata mkimtuma nyuma peke yake hawatamfungulia. Mwambie Nthenya tutampigia. Mwambie Ngu tutamchunga."

Nthenya alikuwa amesikia yote. Aliketi juu ya begi lake, akavua sweta alilovishwa kanisani, akalikunja vizuri na kuliweka magotini. Hakulia. Angelia, Nduku angejua la kufanya.

"Twende nyumbani," Muthama alisema.

"Tuseme nini?"

"Tuseme gari imetuacha."

"Imetuacha kwa nini? Endelea, Baba Nthenya. Simama mbele ya Pasta umwambie, Pasta, maombi yako ndiyo yamefanya mtoto aachwe. Mwambie na yule mzee wa barabara zote. Na huyu kuku tumrudishe, tuseme asante, hakuna safari?"

"Si ni ukweli?"

"Ukweli gani huo wa kuaibisha kanisa mzima? Ni mimi niliita hao watu. Waliamka saa tisa usiku kwa sababu yangu!"

Msomaji asimcheke Nduku haraka. Alikuwa mwanamke ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kupokea: chakula cha msaada, nguo za watoto wa wengine, pole za watu. Asubuhi ile ndiyo mara ya kwanza alikuwa amesimama mbele ya kanisa akiwa na kitu ambacho wengine walikitaka. Alikuwa amekishika kwa muda mfupi tu, na sasa aliambiwa akirudishe.

"Muthoki yuko Kathonzweni," Nduku alisema. Muthoki alikuwa dada yake mdogo. "Nthenya ataenda kwake. Jumamosi, wenzake wakirudi, na yeye anarudi. Nani atajua?"

"Mwaitu, mimi sitaki kufichwa," Nthenya alimwambia mama yake.

"Hufichwi. Unaenda kusalimia aunty."

"Kwa soksi za sufu?"

Muthama alitaka kucheka, akaona uso wa mkewe, akaacha. Kulikuwa na wakati hapo ambapo angeweza kusema hapana, na mambo yangeishia pale getini. Hakusema. Alimgeukia mlinzi, aliyekuwa mtu wa kutoka mbali huko Tseikuru, hana jamaa hapo wala kanisa hapo.

"Mzee, umetuona leo?"

"Mimi?" mlinzi alisema akiendelea kufagia. "Mimi asubuhi macho yangu ni mabaya sana."

Basi Nthenya akasimamishwa nyuma ya kinu cha kusagia mahindi mpaka gari la Machakos likapatikana, akasafiri kwenda mji wa Wote na kutoka Wote kwenda Kathonzweni, na kuku wa kukaanga magotini, mtoto wa Kwa Vonza aliyekuwa ameagwa na kanisa zima kwenda kuona anga.

*

Nyumbani Nduku hakuweza kukaa. Alifagia uwanja, akaingia ndani, akatoka akaufagia tena. Watu walipita kuuliza habari. Wamefika wapi? Wamefika salama. Watalala wapi? Hoteli. Hoteli ya aina gani? Nduku akajenga hoteli, akaitia vitanda, na jioni alipoulizwa mara ya tatu hoteli ilikuwa tayari na orofa. Muthama alipoulizwa alisema, "Muulizeni mama yake," akaenda kusimama kwenye tanuri lake la matofali lisilokuwa na moto.

Kesho yake asubuhi, kwenye kioski cha maji, Susu Kanini alikuwa akimngojea. Alikuwa amekalia mtungi wake uliojaa, na kina mama wengine walikuwa kwenye foleni.

"Nduku, mtoto ameuliza?"

"Kuuliza nini, Susu?"

"Mvua yangu. Aliniahidi. Si amefika kwa hao watu?"

Foleni yote iligeuka. Hata yule aliyekuwa akikinga maji aliacha mtungi ukafurika. Ilikuwa mwisho wa Oktoba. Mashamba yalikuwa yamelimwa na kungoja, na kila mmoja pale alikuwa na mbegu ndani ya nyumba na hofu ile ile. Nduku alitaka kusema bado. Neno bado lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini alimwona mama aliyeleta kuku, akamwona aliyeleta soksi, wote wamemkazia macho yale ya alfajiri ya jana, na ule utamu wa kuwa na kitu ukamrudia.

"Ameuliza," alisema.

"Wakasema?"

"Wamesema... iko njiani."

"Iko njiani tangu nizaliwe. Nipande ama ningoje?"

"Upande, Susu. Wamesema upande."

Mtu mmoja akasema, "Bwana asifiwe." Mwingine, mwenye kichwa kigumu zaidi, akasema yeye atangoja Jumapili amsikie Nthenya kwa mdomo wake mwenyewe ndio atie mbegu chini, na wengi wakakubali kwamba hiyo ni busara. Susu Kanini hakungoja kitu. Alijitwika mtungi na kuondoka upesi kwa mara ya kwanza mwaka huo.

Nduku alikinga maji yake akaondoka. Njiani alijiambia kwamba labda ni kweli. Amekuwa akiombea mvua tangu Agosti. Kwani Mungu hawezi kusikia?

*

Kathonzweni, Nthenya alikaa kivulini akimsaidia mama yake mdogo kupeta ndengu. Muthoki hakuwa mtu wa kuuliza maswali. Alimpa uteo, akampa kazi, akamwambia akitaka kulia kuna nafasi nyuma ya ghala. Ilipofika adhuhuri simu ya Muthoki ililia kwa ujumbe. Alikuwa Tariq, mwenzake Nthenya wa klabu, mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kwa Vonza. Nthenya alikuwa amemtumia namba hiyo pamoja na swali la Susu.

Kwanza ilikuja video. Kulikuwa na mchanga mweupe, viatu vya watu wazima, na katikati Ngu. Alikwama kidogo, akatikisika, kisha vipande vya tairi vikashika na akapanda kichuguu cha mchanga mpaka juu. Watu wakapiga makofi. Nthenya aliitazama mpaka ikaisha, akaitazama tena. Hapo ndipo alipoenda nyuma ya ghala. Aliumia kama mtu aliyeona harusi yake ikifanywa bila yeye, na zaidi aliumia kwa kuwa kila kitu kilikwenda vizuri.

Aliporudi alimpigia Tariq.

"Manze, umeona ile kitu ilipanda?" Tariq alipaza sauti kwa furaha, kisha akakumbuka. "Aki pole, Nthenya. Ungekuwa hapa."

"Uliuliza lile swali?"

"Niliuliza. Kuna engineer mmoja mama, mpoa sana. Akacheka kwanza. Akasema wao huku wanapokea tu signal za satelaiti. Ati kujua kama shamba ya mtu mmoja itanyeshewa wiki gani, hiyo hakuna mtu anaweza kumwahidi. Akasema muende kwa watu wa hali ya hewa, na hata hao watawaambia labda."

"Alisema hajui?"

"Alisema hivyo kabisa. 'Mwambie nyanya sijui.'"

Nthenya alishukuru. Lile alilipenda, jibu lililonyooka. Akampigia mama yake ili alifikishe.

"Mwaitu, nimepata jibu la Susu. Umwambie hawajui. Umwambie aende—"

Upande wa pili ufagio uliokuwa ukisikika ulisimama.

"Mwaitu?"

"Nimeshamjibu," Nduku alisema.

"Umemjibu nini?"

"Apande."

Muthoki, aliyekuwa akipeta, aliinua kichwa kwa jinsi Nthenya alivyosimama.

"Mwaitu, yule ako na mkebe mmoja!"

"Usinipigie kelele. Walikuwa wananiangalia wote. Ungekuwa wewe ungesema nini?"

"Ningesema hawajui!"

"Wewe hujawahi kuangaliwa hivyo."

"Nimewahi! Jana, kwa magoti, mpaka gari ikaniacha!"

Nduku alianza kulia, kilio cha chini cha mtu anayeogopa kusikika na majirani. Nthenya alingoja. Alikuwa na hasira, na alimpenda mama yake, na vitu hivyo viwili havikukaa pamoja vizuri kifuani mwake.

"Nenda umwambie," alisema. "Kabla hajatia chini."

"Nitaenda asubuhi."

"Leo, Mwaitu."

"Asubuhi. Nimesema asubuhi."

*

Asubuhi Nduku alienda kweli. Alikuwa ameyapanga maneno vizuri. Angeanza na pole, kisha angesema alisikia vibaya kwenye simu, mtandao ulikuwa mbaya. Huo pia ulikuwa uongo, lakini mdogo.

Alimkuta mumewe shambani kwa Susu Kanini akiwa na jembe. Mgongo wa Susu haukuruhusu kuchimba, kwa hiyo alipoamka alikuwa amemwita jirani, na Muthama si mtu wa kukataa kazi ya kikongwe. Alikuwa amechimba vishimo mstari baada ya mstari, na Susu nyuma yake alikuwa akidondosha kunde na kufukia kwa mguu. Vumbi lilipanda kila alipokanyaga. Walikuwa wamebakiza mstari mmoja.

"Nduku!" Susu aliita. "Kuja uone. Nimewashinda wote. Wao wangoje Jumapili, mimi mvua ikifika itanikuta." Akaugeuza mkebe na kuupiga chini kwa kiganja. Ulilia mtupu.

Nduku alifungua mdomo. Susu alikuwa akitabasamu, na meno yake machache yaliyobaki yalionekana yote.

"Kazi nzuri, Susu," Nduku alisema.

Muthama alimtazama mkewe kutoka ng'ambo ya mistari. Alijua, maana usiku alimsikia akilia na akamtoa maneno. Naye alikuwa amekuja alfajiri hiyo na nia ya kusema, na badala yake akapewa jembe. Walirudi nyumbani pamoja, yeye mbele, mkewe nyuma.

"Nimeupanda kwa mikono yangu," alisema bila kugeuka. "Huo uongo wako. Mistari yote."

"Na wewe mdomo hukuwa nao?"

Muthama alilihamishia jembe bega la pili. "Sikuwa nao," alikiri.

Jioni Nthenya alishuka Kwa Vonza, akavuka vichochoro na kuingia nyumbani. Mama yake alikuwa amempikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, chakula anachokipenda, na alimwekea nyama iliyobaki. Aliketi karibu naye, akazungumza kwa sauti ya kubembeleza.

"Kesho Pasta atakuita kwa ushuhuda. Wewe si umeona video? Sema ile umeona. Mchanga, watu, ile Ngu ilipanda. Hiyo yote ni kweli. Mvua usiitaje."

"Wataniuliza."

"Sema Mungu ndiye anajua. Hiyo pia ni kweli."

"Mwaitu, ya Susu imeshaenda. Lakini hao wengine wanangoja nifungue mdomo ndio watie mbegu yao. Nikinyamaza, watasema si mama yake alishasema."

Nduku alichukua sahani ambayo mtoto hajaimaliza, akaenda kuiosha.

*

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Pasta Nzau alimwita Nthenya mbele, akamshika bega, akawaambia waumini kwamba wiki hii wameona nguvu ya maombi. Wakapiga makofi. Mzee wa barabara zote alipiga makofi kuliko wote.

Nthenya alisimama mahali pale pale alipokuwa amepiga magoti. Alikuwa amevaa sweta, ingawa joto lilikuwa kali, kwa sababu aliona ni haki ya aliyelileta kuliona.

"Bwana asifiwe."

"Amen!"

"Asanteni kwa sweta na soksi na kuku. Asanteni kwa kuniombea." Akamtazama mama yake. "Mimi sikufika Malindi. Siku ile tulipotoka hapa gari lilikuwa limeenda. Nilikuwa Kathonzweni, kwa aunty, napeta ndengu."

Hakuna aliyesonga. Pasta aliuondoa mkono wake begani mwa Nthenya, taratibu.

"Gari liliwaacha kwa nini?" mtu aliuliza kutoka nyuma. Kisha yeye mwenyewe akaelewa, na wengine wakaelewa, benchi moja baada ya jingine. Mzee wa barabara zote aliinamisha kichwa akawa anaikagua Biblia yake.

"Na kuhusu mvua," Nthenya aliendelea, "mwenzangu aliwauliza. Walisema hawajui. Walisema hakuna mtu anaweza kuahidi. Aliyesema mpande—"

"Ni mimi," Nduku alisema.

Alikuwa ameinuka kwenye viti vya kwaya, na sare yake nyeupe, mikono imeshika kitabu cha nyimbo. "Msimguse mtoto. Ni mimi nilimficha. Ni mimi nilisema upande. Hakuna mtu aliniambia. Nilisema kwa sababu... mlikuwa mnaniangalia vizuri." Akabaki amesimama hivyo hivyo. Muthama naye akainuka kule nyuma. Hakukaa tena.

Pasta Nzau alipangusa paji la uso. Alikuwa mtu mwema, na kila kitu kilipomzidi alijua dawa moja tu.

"Wapendwa," alisema, "tuinamishe vichwa. Tuombe."

"Pasta," sauti ya Susu Kanini ilisikika kutoka benchi la mbele, "leo iwe fupi. Nina shamba."

Hakuna aliyecheka. Pasta alifumba macho, akayafumbua, akayafumba tena. "Bwana, utusamehe," alisema. "Amen." Ilikuwa sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba, na Susu alikuwa mlangoni kabla haijaisha.

*

Nduku alifika shambani kabla yake kwa kukimbia. Susu alipokuja, akiegemea bega la Nthenya, alimkuta amepiga magoti kwenye mstari wa kwanza, sare nyeupe imegeuka rangi ya udongo, akifukua vumbi kwa vidole. Alikuwa amepata kunde chache, ameziweka kwenye kitambaa chake cha kichwani. Muthama alikuwa ameanza mstari wa pili.

"Inuka. Unachafua nguo ya Mungu."

"Nitazitoa zote, Susu. Na nitakuongezea zangu. Nina debe nyumbani, chukua lote."

"Ukizitoa, na mvua ije kesho?"

Vidole vya Nduku viliacha kufukua.

"Na nikiziacha, isije?"

Jasho na machozi vilikuwa vimemchora mistari usoni.

Susu Kanini aliinama kwa taabu, akazichukua zile kunde kwenye kitambaa, akazirudisha kwenye vishimo na kuzifukia kwa mguu, kimoja kimoja, bila haraka.

"Mbegu yako ukae nayo. Mimi si mtu wa kulipwa," alisema. "Tangu mzee wangu afe nangoja mvua peke yangu. Asubuhi natoka, naangalia juu, narudi ndani. Hakuna mtu wa kuambia. Wewe ndio umesema nipande, sasa utakuwa unakuja kuangalia na mimi. Na huyu bwana yako mwenye jembe. Na huyu mtoto kabla ya shule."

"Na ndege?" Nthenya aliuliza.

"Ndege ni kazi yako. Si uko na kobe ya kutembea mchangani? Mlete afukuze kwale."

Kesho yake, jua likichomoza, Nduku alisimama mlangoni kwa Susu Kanini. Kikongwe alitoka amejifunga leso, wakasimama wawili wakatazama juu, upande wa mashariki, kisha upande wa Makueni. Mbingu ilikuwa safi, hakuna hata kipande cha wingu. Nduku alitafuta kwa macho mpaka yakamuuma.

"Unaona nini?" Susu aliuliza.

Nduku alitaka kusema kitu cha kutia moyo.

"Sioni kitu, Susu."

"Haya," Susu Kanini alisema. "Hiyo ndiyo nilitaka kuambiwa siku ile. Ingia unywe chai."